Mo, Po na Ko: Nafasi ya Mwanaisimu katika Uchakataji Kando ya Kumbukumbu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akishaupita mji wa Gilgil na kulikaribia Ziwa Elementaita, huona ardhi nyeupe kama unga uliomwagika bondeni. Hapo ni Kariandusi. Weupe huo ni wa diatomaiti, jiwe jepesi lililotokana na magamba ya viumbe vya majini visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi katika ziwa la kale na kurundikana chini yake karne kwa karne. Wageni wengi hufika hapo kwa sababu nyingine: kuyatazama mashoka ya mkono ya takriban miaka milioni moja iliyopita, ambayo msafara wa Louis Leakey ulianza kuyafukua mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashoka hayo yaliwapa Kariandusi jina katika vitabu vya historia. Hata hivyo, kwa mwanafunzi anayetaka kuuelewa mgogoro mmoja mkubwa wa tarakilishi za leo, ile ardhi nyeupe ina la kusema zaidi kuliko mashoka.

Diatomaiti ikichimbwa huwa imebeba maji mengi. Anayeipakia mbichi kwenye lori huwa analipa nauli ya maji. Ndiyo maana kiwanda cha kuikausha na kuisaga kilijengwa kando ya machimbo, si Nairobi wala Mombasa, na kilichotiwa barabarani ni unga uliokwisha kuwa tayari. Hakuna aliyehitaji shahada kulitambua hilo. Mchukuzi yeyote anajua kwamba mzigo ukiwa mkubwa na kazi yenyewe ikiwa ndogo, ni nafuu kuipeleka kazi kwenye mzigo.

Wasanifu wa tarakilishi walijua hivyo pia, lakini kwa miongo mingi hawakuweza kulitenda. Mpango ulioelezwa na John von Neumann mwaka 1945, ambao mashine nyingi zingali zinaufuata, uliitenga kumbukumbu na kichakataji. Data hukaa upande huu, hesabu hufanyika upande ule, na kati yake kuna njia moja ya kupitia. Vichakataji vikazidi kupata kasi mwaka hadi mwaka, ilhali kumbukumbu ilijikokota nyuma. Mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee wa Chuo Kikuu cha Virginia walionya kwamba tofauti hiyo ya kasi ingegeuka kuwa ukuta. Onyo lao limetimia, na limetimia vibaya zaidi katika gharama ya umeme kuliko katika mwendo. Kuzijumlisha namba mbili ndani ya kichakataji hula nishati kidogo mno. Kuzileta namba hizo kutoka kwenye kumbukumbu hula mamia ya mara zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliochunguza kazi za kawaida za programu za Google katika vifaa vya mkononi, ulipata kuwa asilimia 62.7 ya nishati ya mfumo mzima ilitumika kuhamisha data tu. Yaani zaidi ya nusu ya malipo ni nauli ya maji.

Jibu lililopendekezwa ni kuyaweka mashine ya kusagia kando ya machimbo. Wazo lenyewe si geni. Harold Stone aliliandikia tangu mwaka 1970. Kilichokuwa kigumu ni kulitekeleza kwa bei inayovumilika. Mwaka 2019 kampuni ya UPMEM ya Ufaransa ilionyesha mabamba ya kumbukumbu ambamo kila fungu la megabaiti 64 lina kichakataji chake kidogo. Bamba moja lina vichakataji 128, na mashine moja yenye mabamba 20 huweza kuwa navyo 2,560. Kila kimoja ni dhaifu na cha mwendo wa pole kikilinganishwa na kichakataji kikuu, lakini kila kimoja kimekaa kando ya ghala lake. Kampuni ya Samsung nayo ilitangaza kumbukumbu ya aina hiyo mwaka 2021, kwa ufundi tofauti.

Hapo ndipo mwanaisimu wa Kiswahili anapopaswa kusogea karibu, kwanza kwa sababu ya istilahi. Waandishi wa fani hii hubishana kila mara kuhusu mpaka kati ya uchakataji unaofanyika ndani ya kumbukumbu yenyewe, ule unaofanyika kando yake, na ule wa mbali. Katika lugha nyingine mpaka huo hutafutiwa viambishi na maelezo marefu. Kiswahili kinao tayari katika sarufi yake, na kila mtoto wa shule ameukariri. Kitabu kimo sandukuni, kipo mezani, kiko Nakuru: ndani, mahali mahsusi, na mahali pasipo dhahiri. Uchakataji wa mo, uchakataji wa po, uchakataji wa ko. Wanaotunga istilahi wamezoea kuanza na neno la kigeni na kulitafutia kisawe. Hapa wangeweza kuanza na ngeli ya mahali na kuikuta dhana imekwisha gawika vizuri kuliko ilivyogawika huko ilikotoka. Mashoka ya Kariandusi yenyewe ni mfano wake. Yapo yaliyoachwa palepale yalipofukuliwa, yakajengewa paa ili mtazamaji ayafuate. Na yako mengine London, katika makumbusho ya Uingereza, ambako mtafiti wa Nakuru anayetaka kulinganisha jiwe na jiwe sharti asafiri.

Lakini istilahi ni mlango tu. Watu wengi, wakisikia kwamba vichakataji vidogo 2,560 vimewekwa kando ya kumbukumbu, hudhani tatizo limekwisha. Kwa kweli tatizo ndipo linapoanza, na si la mwendo bali la utawala. Katika mashine ya UPMEM vichakataji hivyo havizungumzi vyenyewe kwa vyenyewe. Kimoja kikihitaji kujua alichokipata jirani yake, habari hupanda hadi kwa kichakataji kikuu kisha ikashuka, kupitia njia ileile iliyokusudiwa kuepukwa. Kwa hiyo msimamizi wa kazi lazima ajibu maswali ambayo hayahusu umeme hata kidogo. Data igawanywe vipi? Nani apewe kiasi gani? Ni nini kinachoweza kumalizwa papo hapo, na ni nini kisichoamuliwa mpaka wote wakutane?

Wakenya wameyajibu maswali hayo hadharani, tena kwa gharama kubwa, pasipo kutaja tarakilishi. Kabla ya mwaka 2002, masanduku ya kura yalisafirishwa kutoka vituoni hadi kumbi za kuhesabia, na safari hizo za usiku zilikuwa kisima cha tuhuma. Tangu uchaguzi mkuu wa mwaka huo, kura huhesabiwa pale zilipopigwa. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229, na hakuna kilichoruhusiwa kuwa na wapigakura zaidi ya 700. Huko Gilgil, kama katika maeneo bunge mengine 289, karatasi za kura hazikwenda mbali. Zilizokwenda ni jumla zake, katika Fomu 34A ya kituo, kisha 34B ya eneo bunge, kisha 34C ya taifa. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake dhidi ya tume ya uchaguzi, kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa juu. Mhandisi wa uchakataji wa po angeuelewa uamuzi huo mara moja: hesabu iliyokwisha kufanyika kando ya kumbukumbu haifanywi upya katikati.

Kikomo cha wapigakura 700 kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya kinavyotazamwa. Kituo kikubwa hugawanywa katika mikondo kwa kufuata alfabeti ya majina. Ila mkato hufuata idadi, wala si herufi. Kama ungefuata herufi, mkondo wa W katika sehemu nyingi za Nakuru ungefurika akina Wanjiru, Wambui na Waweru, huku karani wa mkondo wa X akisinzia. Na matokeo ya eneo bunge zima hayawezi kutangazwa kabla ya mkondo uliochelewa kumaliza. Ndivyo ilivyo katika mashine: vichakataji 2,559 vikimaliza kwa wakati na kimoja kikalemewa, vyote 2,559 hukaa bure kukisubiri. Mfumo wa namna hii haupimwi kwa mfanyakazi wake hodari bali kwa yule aliyetwikwa mzigo mzito kupita wote.

Sasa na ichukuliwe kazi ya Kiswahili chenyewe: kuhesabu maneno katika kongoo kubwa. Wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la wahandisi, na kwamba mwanaisimu angoje apewe orodha ya idadi. Dai hilo halina mashiko, kwa sababu muundo wa lugha ndio unaoamua kama kazi itagawika sawa au la. Mhandisi asiyekijua Kiswahili, akizoea lugha nyingine, anaweza kuyagawa maneno kwa herufi ya kwanza. Katika Kiswahili atakuwa amejenga mkondo wa W wa Nakuru kwa makusudi. Viambishi vyetu hukaa mbele. Vitenzi vya nafsi ya tatu huanza kwa a- na wa-, vitenzi-jina kwa ku-, majina ya watu kwa m- na wa-, ya vitu kwa ki- na vi-. Ongeza kwa, katika, kama, na, ni, ya na wa, maneno ambayo hayakosekani katika sentensi. Kamusi yoyote ikifunguliwa itaonyesha jinsi K na M zilivyonenepa, na Q na X zisivyokuwapo kabisa. Vichakataji vichache vitavuja jasho, vingine havitaguswa.

Mhandisi mwerevu zaidi atayagawa maneno kwa hesabu ya kubahatisha isiyojali herufi, ili kila kichakataji kipate fungu lililo sawa. Hapo mizigo italingana, lakini lugha itavunjika. Alipika, wanapika, hupikwa, walipikiana na mapishi yatatupwa katika pembe tano za mashine. Anayetaka kujua mzizi -pik- umetumika mara ngapi atalazimika kuyakusanya tena yote, na kukusanya ni kuhamisha data, yaani kurudi kwenye nauli ya maji.

Njia inayofaa zaidi ni ile ya kituo cha kura. Kila matini ibaki ilipo. Kila kichakataji kipewe nakala ya orodha ya mizizi na kanuni za viambishi, kiyachanganue maneno ya matini yake papo hapo, kisha kipeleke juu jumla ya kila mzizi tu. Neno na, ambalo huenda likatokea mara laki kadhaa, litasafiri likiwa namba moja kutoka kila kituo. Gharama yake ni kwamba orodha ileile itahifadhiwa mara 2,560. Kamusi ya maingizo elfu thelathini si mzigo kwa megabaiti 64, lakini nafasi ya kufanyia kazi ya kila kichakataji, ile iliyo karibu zaidi na mkono wake, ni kilobaiti 64 peke yake. Kwa hiyo lazima iamuliwe ni mizizi ipi ikae mezani na ipi iende ghalani. Uamuzi huo hautolewi na mhandisi. Hutolewa na mtu anayejua ni mizizi ipi inayotumika sana katika Kiswahili cha magazeti, na ipi katika utenzi.

Kisha kuna jambo linaloponyoka hata kwa wajuzi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kila kibaba. Idadi ya kutokea kwa neno hujumlishika: mara 300 hapa na mara 200 pale ni mara 500. Idadi ya maneno tofauti haijumlishiki. Kituo kimoja kikipata maneno tofauti 5,000 na kingine 5,000, jumla si 10,000, kwa maana mengi ni yaleyale. Na neno lililotokea mara moja tu katika kituo kimoja na mara moja katika kingine si neno la nadra tena kama kila kituo kilivyoripoti. Vipimo vya utajiri wa msamiati, ambavyo wanafunzi wa elimumitindo huvitumia kulinganisha mtunzi na mtunzi, vimejengwa juu ya hesabu za namna hii hasa. Tasnifu inayovipata kwa kujumlisha majibu ya vituo itakuwa na jedwali safi na hitimisho lisilo kweli, wala mashine haitatoa onyo lolote, kwa sababu kila kituo kimehesabu sawasawa. Hapo vituo havina budi kupeleka orodha zenyewe na si idadi, na mpangaji wa kazi hana budi kujua mapema ni maswali gani ya kiisimu yanayodai hivyo.

Inafaa kukiri jambo moja. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen, ina takriban maneno milioni 25 katika toleo lake la pili. Kwa makadirio ya herufi saba kwa neno pamoja na nafasi, hiyo ni kama megabaiti 175: ingetosha katika vichakataji vitatu kati ya 2,560. Kwa matini yaliyokwisha kuandikwa, basi, mashine hii ni sawa na kukodi treni kubeba kikapu cha mayai.

Hali hubadilika kabisa inapofika zamu ya sauti. Saa moja ya mazungumzo, ikirekodiwa kwa kiwango cha kawaida cha utafiti cha sampuli 16,000 kwa sekunde, huchukua megabaiti 115. Saa elfu moja ni gigabaiti 115, na mashine ya mabamba 20, yenye gigabaiti 160, huwa imekaribia kujaa. Saa elfu moja si nyingi kwa lugha yenye Kimvita, Kiamu, Kimtang'ata, Kiunguja, Kipemba na Kingwana, achilia mbali Kiswahili cha Gilgil na Nakuru, kilichokua midomoni mwa Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya na wengineo waliokutana mashambani na katika vibanda vya wafanyakazi, na ambacho hakijapata kufanyiwa haki katika maelezo ya lahaja. Hapo matatizo yote ya utawala hurudi kwa nguvu. Megabaiti 64 hutosha takriban nusu saa ya sauti, kwa hiyo saa lazima ikatwe. Ikikatwa kwa kisu cha mhandisi, neno litabaki nusu huku na nusu kule, na vituo viwili visivyozungumza haviwezi kuliunga. Ikikatwa penye kituo cha pumzi, au kipande kimoja kikilaliwa kidogo na kinachofuata, neno litasalimika. Nani ajuaye mahali Mswahili anapovuta pumzi, kama si mwanafonetiki?

Wala mashine hizi si tiba ya kila ugonjwa. Majaribio yaliyofanywa katika chuo cha ETH Zurich juu ya mfumo wa UPMEM yameonyesha kuwa hung'ara pale kazi ilipo nyepesi na data ilipo nyingi: kutafuta, kulinganisha, kuhesabu, kujumlisha. Katika kuzidisha ni wazito, na utambuzi wa usemi ni kuzidisha mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kuchuja rekodi, kupata ukimya, kuhesabu miigo ya sauti fulani, atafaidika. Anayetaka tarakilishi inukuu mazungumzo yenyewe atahitaji kumbukumbu za aina nyingine, kama zile za Samsung zilizotiwa uwezo wa kuzidisha.

Suala la mahali linavuka pia mipaka ya bamba la kumbukumbu. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007, lakini hadi Aprili 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Mkulima wa Kariandusi aliyemtumia jirani yake shilingi mia mbili aliivusha pesa hiyo bahari mbili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaonja maana ya ko. Mwezi huohuo kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo cha data huko Olkaria, karibu na Naivasha, kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini, kwa uwekezaji wa awali wa dola bilioni moja. Olkaria na Kariandusi ni bonde moja. Magazeti yaliujadili mpango huo kwa lugha ya megawati na ajira. Swali la ni data gani itakayokaa humo, ya lugha ipi, imegawanywa na nani na kwa kanuni gani, halikusikika sana, na halikusikika kutoka idara za Kiswahili.

Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki mwanafunzi wa isimu hurekodi sauti uwandani, akaziweka kwenye kifaa kidogo cha mfukoni, akazichambua mwenyewe kwa tasnifu yake, kisha kifaa kikasahauliwa katika mtoto wa meza. Rekodi hizo zimetawanyika tayari. Hakuna haja ya kuzitawanya. Kinachokosekana ni makubaliano ya jinsi zinavyokatwa, zinavyoitwa na zinavyohesabiwa, ili hesabu ya Maseno iweze kuwekwa kando ya hesabu ya Egerton, Dar es Salaam au Zanzibar bila sauti zenyewe kuhama. Fomu 34A ya lahaja, ikipenda mtu kuiita hivyo, ni ukurasa mmoja: mzungumzaji ni wa wapi na ana umri gani, kipande kimekatwa wapi, mizizi imeorodheshwa kwa kanuni ipi, ni hesabu zipi za kujumlishwa na zipi si za kujumlishwa. Kikao cha siku mbili cha vyama vya wanafunzi kingetosha kuuandika, na ungeweza kuanza kutumika na kundi litakalokwenda uwandani muhula ujao.